Kutu Imepigwa Marufuku

Wananchi wote wanatangaziwa, pamoja na wale ambao huwa hawasikilizi matangazo, kwamba kutu ya ngano imepigwa marufuku nchi nzima kuanzia Jumatatu. Tangazo hilo niliandika mimi. Mheshimiwa Waziri alilisoma mbele ya kamera kwa sauti nzito, akanyanyua kidole pale nilipoandika "nyanyua kidole", na ukumbi mzima ukapiga makofi pale nilipoandika "makofi".

Kwa wasiojua, kutu ya ngano si ile ya mabati. Ni kuvu, ugonjwa unaosafiri na upepo kutoka shamba hadi shamba, ukatua kwenye majani na mashina kama vumbi jekundu, ukanyonya mmea mpaka suke likabaki ganda tupu. Wakulima wamelia nao miaka nenda miaka rudi. Sisi wa Mamlaka ya Afya ya Ngano tulichunguza kwa kina na kugundua chanzo cha tatizo: ugonjwa huo haukuwahi kukatazwa rasmi.

Mimi ni Naibu Mkurugenzi, Idara ya Mwonekano. Kazi yetu ni kuhakikisha mambo yanaonekana vizuri. Kama ni mazuri kweli au la, hilo lina idara yake, ingawa kwa sasa haina watumishi. Nyumbani wananiita Bwana Tai, kwa sababu tangu niajiriwe hakuna aliyeniona bila tai, na naamini wananiita hivyo kwa heshima.

Jumatatu yenyewe dada yangu mkubwa akanipigia simu. Dada analima nusu ya shamba aliloacha marehemu baba. Nusu nyingine ni yangu, na katikati kuna kijia chembamba ambacho mtu na toroli hawapishani. Nusu yangu nilikuwa nimeiacha ipumzike, maana hata mimi napenda kupumzika. Ya kwake ilikuwa imejaa ngano, na ngano imejaa kutu.

"Bwana Tai," akasema, "hiyo marufuku yenu inaanza saa ngapi? Maana huku kwangu kutu haijapata habari."

Nikamfafanulia kwamba utekelezaji huenda kwa awamu. Akanieleza jambo lililoninyima raha siku nzima. Msimu huu atavuna makapi tu. Akikosa mbegu ya maana na msimu ujao, basi shamba anauza, na yeye anahamia kwangu pamoja na watoto, mama mkwe wake na bata mzinga wake wote. Dada yangu huwa hatishi watu. Hutoa taarifa tu.

Nampenda sana dada yangu, hasa akiwa kwake. Chumba changu cha wageni kina vyeti vyangu ukutani, na bata mzinga haheshimu vyeti. Lakini kilichoniuma zaidi kilikuwa shamba lenyewe. Pale ndipo baba alipotufundisha kufikicha suke kiganjani, kupuliza makapi, na kutafuna kilichobaki huku tukishindana nani kapata kingi. Kuliuza kungekuwa kama kumzika baba mara ya pili. Nikaapa kwamba dada yangu atapata mbegu bora kuliko zote nchini, hata ikibidi nitumie cheo changu. Cheo cha nini kama hakitumiki?

Wiki hiyohiyo Mheshimiwa Waziri akatangaza kwamba atakwenda mwenyewe kwenye kituo cha utafiti, akachague kwa macho yake aina ya ngano inayotii marufuku. Nikatangulia kukagua mwonekano.

Mtafiti mkuu wa kituo kile ni mama mmoja mkavu wa maneno, ambaye ofisi nzima tunamwita Daktari. Chumba chake kina darubini, kiti kimoja, na bahasha za mbegu zilizorundikwa mpaka dirisha halifunguki. Alinipokea vizuri, akanitembeza kwenye vitalu vya majaribio, akinionyesha ngano hii na ile kama mtu anayetambulisha ndugu kwenye harusi. Tulipofika ukingoni, kando ya barabara, nikakuta mistari mirefu ya ngano iliyoanza kuwa nyekundu. Nikaingia kuikagua. Nilipotoka, suruali yangu nyeupe ilikuwa na rangi ya tofali mpaka magotini.

"Hii ni nini?" nikamuuliza.

"Kutu."

"Kutu imepigwa marufuku."

"Hii nimeiweka mimi," akasema.

Nilitafuta pa kukaa. Shambani hapakuwa na kiti, ikabidi nishtuke nikiwa nimesimama. Daktari akaendelea kueleza bila hata kupepesa macho. Mistari ile wanaiita chambo. Ni ngano ya zamani, nzuri kwa sura lakini nyonge kwa ugonjwa, wakulima walishaikimbia siku nyingi. Wao huipanda kuzunguka vitalu vyote na kuipaka kutu kwa mikono yao, ili iugue sana na kuwaambukiza majirani zake. Aina itakayozungukwa na ugonjwa kila upande na bado ikasimama, hiyo ndiyo yenye kinga, na hiyo ndiyo apewe mkulima.

Kwa maneno mengine, mtumishi wa umma alikuwa anakiri mbele yangu kwamba anasambaza ugonjwa kwa makusudi, tena saa za kazi.

Kamati ya Kuzuia Aibu ilikaa mchana uleule chini ya uenyekiti wangu. Wajumbe wengine walikuwa na udhuru, kwa hiyo maamuzi yalipita kwa kauli moja: chambo inyunyiziwe dawa ya kuvu mpaka ipone, kisha iongezewe mbolea kwa ajili ya rangi. Daktari alinifuata mpaka kwenye gari.

"Ukiitibu chambo, mtihani umekwisha," akasema. "Ni sawa na kuwagawia watoto wote majibu."

"Basi watafaulu wote. Ubaya uko wapi?"

Akanitazama kama mtu anayepapasa ukuta akitafuta swichi. Nadhani hakuwa amewahi kukutana na kiongozi mwenye maamuzi ya haraka.

Dawa ilitosha mistari ya kando ya barabara tu, ya ndani ikakosa. Hilo halikunisumbua, kwa sababu Mheshimiwa hana desturi ya kufika ndani.

Siku ya ziara kulikuwa na tope. Waziri akashuka garini, akaangalia viatu vyake, akaangalia tope, akaamua kwamba utafiti unaweza kufanyika kutoka barabarani. Mbele yake ilisimama chambo. Nakwambia ilikuwa imependeza. Ilikuwa ndefu, imenyooka, masuke yamejaa, kila jani linang'aa kana kwamba limepakwa mafuta. Waziri akaishika kidevu, yaani akashika suke, akatabasamu kwa ajili ya picha.

Daktari akamwomba asogee hatua chache aone aina nyingine iliyokuwa ndani. Hiyo alikuwa ameihangaikia tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Haikuwa hata na jina, ilikuwa na namba tu kama mfungwa. Ilikuwa fupi, na majani yake yalikuwa na vidoadoa vyeupe. Daktari akachuma jani moja akamletea barabarani, akaeleza kwamba kila kidoa ni mahali ambapo kutu iligonga mlango ikakataliwa kuingia.

Waziri alilitazama jani lile akiwa ameweka mikono nyuma.

"Ina ndui," akasema. "Mimi nataka ngano ambayo mwananchi akiiona anaiamini. Nimechagua hii ya hapa."

"Mheshimiwa, hiyo ndiyo inayougua kuliko zote kituoni. Wameipaka dawa juzi."

Waziri akanigeukia mimi. "Wewe unaona ugonjwa?"

"Sioni, Mheshimiwa."

"Hata mimi sioni. Tumemaliza."

Hapohapo chambo ikabatizwa jina la Fahari na kutangazwa kuwa mbegu ya daraja la kwanza. Bahati nzuri mbegu zake zilikuwa tele maghalani, kwa kuwa kwa miaka mingi hapakuwa na mtu aliyezitaka. Ile yenye ndui ikakataliwa rasmi. Daktari naye, kwa kubishana na macho ya Waziri, akahamishiwa kwenye Ghala la Mbegu Zilizokataliwa, ambako alikuta magunia yote ya ile mbegu yake, aliyokuwa akiizalisha msimu baada ya msimu akisubiri iidhinishwe. Nilimwambia aone upande mzuri, kwamba angalau yuko na anaowajua.

Kisha ikaja kazi ninayojivunia kuliko zote, nayo ni Kanuni za Madaraja. Fahari isingewatosha watu wote, na kitu kizuri kisipowekewa utaratibu huishia kwa mtu asiyestahili. Kwa hiyo niliandika, na Waziri akatia sahihi, kwamba mbegu ya daraja la kwanza itapandwa na watu wa daraja la kwanza: mawaziri, wakurugenzi, na wenzao wa kiwango hicho. Iliyokataliwa igawiwe watu wa kawaida. Madaraja yasichanganywe kwa namna yoyote ile. Na ili mheshimiwa asije akapewa mbegu mbovu kwa bahati mbaya, kila atakayefika kwenye ghala la zilizokataliwa lazima athibitishwe na majirani zake kwamba kweli ni mtu wa kawaida.

Kanuni ikiwa nzuri, humbana hata aliyeiandika. Nilikwenda kwa Waziri kumwombea dada yangu Fahari. Nilimsifu kwanza tai yake, nikamuulizia mashamba yake, ndipo nikataja dada. Akaniuliza dada yangu ni nani. Nikasema ni mkulima. Akasikitika sana, akaniambia kwamba kwa bahati mbaya Fahari si ya wakulima.

Mimi, kama Naibu Mkurugenzi, nilipata mgawo wangu bila shida, nikaamua nusu yangu ya shamba sasa ipandwe. Dada nikampeleka kwenye lile ghala kwa gari la ofisi, moyo umenisinyaa. Alishuka akiwa na magunia yake matupu begani. Majirani walikuwa wamepanga foleni mpaka nje ya lango, na walipoulizwa kama huyu mama ni mtu wa kawaida wakaangua kicheko. Mmoja akasema ni wa kawaida tangu utotoni, ila mdogo wake ndiye waliyeshindwa kumwelewa. Daktari akampimia mbegu kwa mkono wake mwenyewe.

"Panda bila wasiwasi, mama," akamwambia.

Niliona ni maneno ya faraja tu, kama yale anayoambiwa mgonjwa. Njiani nilimwambia dada kwamba nitaanza kutoa vyeti vyangu kwenye chumba cha wageni.

"Bata mzinga wangu hawapendi chumba chenye jua la jioni," akajibu. "Angalia upande wa dirisha."

Tukapanda, mimi upande wangu wa kijia kwa mikono ya vibarua, yeye upande wake kwa mikono yake. Fahari ilichipua kwa kujiamini, ikarefuka, ikaipita ile ya dada kwa kiasi cha kuonea aibu. Jumamosi nilikuwa nakuja kusimama kwenye kijia na tai yangu, naangalia kulia nafurahi, naangalia kushoto nahuzunika. Majani ya kwake yalikuwa yameanza kutoka vidoadoa. Nikamwambia pole.

Halafu zikaja zile asubuhi za umande na mchana wa joto, hali ambayo kutu huipenda. Jumamosi moja nikafika nikakuta nusu yangu imebadilika rangi. Nilipiga hatua mbili ndani, suruali ikawa tofali. Nilirudi ofisini nikaandika taarifa kwa umma kwamba Fahari ni mbegu yenye nguvu kiasi kwamba inapandisha rangi ya udongo mpaka kwenye majani.

Ofisini nilikuta simu zinalia mezani kote. Shamba la Katibu Mkuu lilikuwa hivyo hivyo, na la Mkurugenzi wangu pia. Kwa Mheshimiwa Waziri, ambaye alikuwa amepanda bonde zima, vibarua walikuwa wakitoka kazini wekundu hata mbwa wao wanawabwekea. Waziri akaitisha kikao cha dharura. Kwa kuwa kutu ilikwishapigwa marufuku, ilikuwa wazi kwamba hii haiwezi kuwa kutu, na kazi pekee iliyobaki ilikuwa kuipatia jina. Baada ya mjadala mkali tukakubaliana iitwe Wekundu wa Muda. Hakuna aliyependekeza dawa, maana dawa ingekuwa kukiri.

Mashina yakaanza kuvunjika. Upepo mdogo tu, ngano inalala chini kama wageni walioshiba. Nilichuma suke, nikalifikicha kiganjani kama baba alivyotufundisha, nikapuliza. Kila kitu kikaruka. Kiganja changu kilibaki na mistari ya kiganja.

Nikavuka kijia. Tangu wekundu uanze nilikuwa nimeepuka kutazama upande ule, kwa huruma. Ile fupi yenye ndui ilikuwa imesimama wima mpaka mwisho wa shamba, vidoadoa vyake vikiwa vilevile na havijaongezeka. Nilifikicha suke lake, nikapuliza, na punje zikabaki zimejaa kiganjani, nzito, ngumu. Nikazitafuna palepale. Nilifurahi kwa ajili ya dada yangu mpaka macho yakaniuma, halafu nikakumbuka mimi ni wa daraja la kwanza, nikaona wivu.

Sasa tatizo likawa la mwonekano, yaani la kwangu. Uzinduzi wa Mavuno ulikuwa umeshatangazwa. Ilikuwa lazima Waziri aonekane na mundu mkononi, akikata ngano iliyosimama. Katika mashamba yote ya daraja la kwanza hapakuwa na ngano iliyosimama hata ya kufunikia mtu mmoja akipigwa picha. Nikajikuna kichwa, kisha nikalitoa shamba la dada yangu bila kumuuliza, kama ndugu anavyoweza kufanya.

Siku hiyo msafara wa magari uliijaza njia mpaka kwenye kijia. Waziri akashuka na viatu vipya vya shamba, akakata konzi moja ya ngano, akashangiliwa, akahutubia. Alisema haya ndiyo matunda ya Fahari. Dada alikuwa ameketi juu ya magunia yake mlangoni mwa ghala lake dogo, na Daktari ameketi pembeni yake, kwani siku hizi wameshakuwa mashoga. Wote wawili walisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, wala hawakumkatiza.

Kamera zilipoondoka, Waziri akamsogelea dada, na nyuma yake Katibu Mkuu, na nyuma yake Mkurugenzi wangu, na wakubwa wengine, kila mmoja akijifanya anaangalia mawingu. Waziri akashusha sauti, akasema serikali imeridhishwa na juhudi zake, na kwamba msimu ujao angependa magunia kadhaa ya mbegu hii kwa ajili ya bonde lake.

"Ningependa kukupa, Mheshimiwa," dada akasema. "Ila hii ni ya watu wa kawaida. Nyie mna yenu. Madaraja yasichanganywe kwa namna yoyote ile, kanuni ndivyo inavyosema, na sahihi ni yako."

Waziri akanigeukia. Ilikuwa zamu yangu kuokoa serikali. Nikamweleza kwamba kanuni haifutiki mpaka kamati ikae, na kamati hukaa baada ya msimu wa kupanda. Lakini njia ipo. Mtu yeyote anaweza kupewa mbegu hii akithibitishwa na majirani zake kwamba ni mtu wa kawaida.

"Sawa," akasema Waziri. "Nithibitishwe."

"Na nani?" Daktari akauliza, kwa upole kabisa. "Jirani yako ni nani, Mheshimiwa?"

Waziri akafikiri. Upande mmoja wa nyumba yake kuna ukuta mrefu, na upande mwingine kuna ukuta mrefu, na nyuma ya kuta hizo anakaa Katibu Mkuu na Mkurugenzi wangu, ambao nao walikuwa hapohapo wanatafuta mtu wa kuwathibitisha. Wakatazamana. Majirani wa dada walikuwa wamesimama kando na majembe yao, wakisubiri kwa hamu kujua jibu.

Ndipo nikakumbuka kwamba mimi nina bahati. Kati yangu na dada yangu kuna kijia tu. Nikasogea mbele ya wakubwa zangu wote, jambo ambalo sijawahi kulifanya maishani, nikamwomba dada anithibitishe.

Akanitazama kuanzia viatu kwenda juu, polepole, akasimama shingoni.

"Vua tai kwanza," akasema.

Nilivua. Upepo ukanipiga shingoni mahali ambapo haukuwa umefika siku nyingi, na majirani wakapiga makofi, ambayo safari hii hakuna aliyekuwa ameyaandika. Dada akanipa gunia tupu, akanionyesha mwisho wa foleni. Nilipokuwa naelekea huko nikasikia Mheshimiwa Waziri nyuma yangu anahangaika na tai yake. Fundo lilikuwa limekaza, na hakuwa amezoea kulifungua mwenyewe.